Fotheringhay: kijiji cha mtoni na mirathi ya wafalme

Ukingoni mwa mto Nene, katika jimbo la Northamptonshire huko Uingereza, kuna pande moja la ukuta lililozungushiwa uzio wa chuma. Ni mawe yaliyogandamana kwa chokaa, na unaweza kulizunguka kwa hatua chache tu. Nyuma yake pana kilima cha udongo kilichoota nyasi, na kondoo wanalisha mpaka karibu na maji. Hayo ndiyo mabaki ya ngome alimozaliwa Mfalme Richard wa Tatu mwaka 1452, na alimokatwa kichwa Mary, Malkia wa Scotland, mwaka 1587.

Kwenye uzio kuna vibao vya kumbukumbu, vya Mary na vya Richard. Mgeni husoma, hupiga picha, kisha huondoka akidhani kijiji hiki kilipatwa na mambo mawili makubwa yasiyohusiana: hapa alizaliwa huyu, na kule mbele kidogo akauawa yule. Sivyo. Kuzaliwa kwa Richard na kuuawa kwa Mary ni kurasa mbili za shauri moja, na shauri lenyewe ni la mirathi. Nani mtoto wa nani, nani kaolewa na nani, na haki ya kiti imepitia kwa mwanamume au kwa mwanamke. Ukiushika uzi huo, historia ya Fotheringhay inanyooka.

Kijiji ni kidogo hasa: barabara moja kuu, nyumba za mawe ya chokaa, na watu mia moja na kitu. Kiko kama kilomita 6 kutoka mji mdogo wa Oundle, na Peterborough iko upande wa mashariki. Wataalamu wengi wa majina wanaona maana yake ni kisiwa au nchi ya majimaji inayotumika kulishia mifugo, na jina linastahili, kwa sababu mto hufurika na malisho hunawiri. Ajabu huanza unapofika kutoka kusini na kuvuka daraja la matao manne lililojengwa mwaka 1722. Mbele yako linasimama kanisa lenye madirisha marefu kama la mjini, mnara wa mraba chini na wa pembe nane juu, na kileleni ndege wa dhahabu. Kanisa hilo haliwezi kuwa limejengwa na watu mia. Kuna mtu mwenye fedha nyingi na sababu nzito aliyelijenga.

Kabla ya kumfikia mtu huyo, tuiweke sawa sheria ya urithi ya wakati ule. Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo kila mrithi ana fungu lake, aiweke kando hesabu hiyo kwa muda. Kwa wakubwa wa Uingereza, ardhi na cheo vilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zake hawakuwa na haki ya ardhi hiyo, ila wapewe kitu kwa hisani. Asipokuwepo mtoto wa kiume, ardhi hupita kwa binti, na binti akiolewa, mume ndiye anayeishika. Kwa hiyo harusi moja iliweza kuhamisha ngome kutoka nchi moja kwenda nyingine bila upanga kuchomolewa.

Ndivyo ilivyotokea hapa tangu mwanzo. Mwaka 1086, wakati mashamba yote ya Uingereza yalipoandikwa kwa amri ya William aliyeiteka nchi, Fotheringhay ilikuwa ya Judith, binti wa ndugu yake William. Judith alikuwa na binti, Maud. Maud akaolewa na Simon de Senlis, na huyo ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa ngome ya kwanza karibu na mwaka 1100: kilima cha udongo kilichoinuliwa kwa mikono, na handaki kukizunguka. Simon akafa. Maud akaolewa tena, safari hii na David, ambaye mwaka 1124 akawa Mfalme wa Scotland. Basi ngome iliyo katikati ya Uingereza ikaingia kwenye mali ya ukoo wa kifalme wa Scotland, na kwa vipindi tofauti ikabaki humo kwa zaidi ya miaka mia. Wengi husema Mary aliletwa kufia ugenini. Kwa upande mmoja ni kweli. Kwa upande mwingine aliletwa katika ngome iliyowahi kuwa ya babu zake, maana damu yake inarudi moja kwa moja kwa David.

Waskoti waliipoteza moja kwa moja mwaka 1296, mfalme wao John Balliol alipoasi na Edward wa Kwanza wa Uingereza akamnyang'anya mashamba yake ya Uingereza. Yaliyofuata kwa miaka themanini nayapita. Tuingie mwaka 1377, Mfalme Edward wa Tatu alipompa ngome mwanawe Edmund.

Tumshike Edmund vizuri, kwa kuwa wanaochanganyikiwa na vita vya York na Lancaster, matawi mawili ya ukoo mmoja yaliyogombea kiti, huanzia kupotea hapa. Edward wa Tatu alikuwa na watoto wa kiume watano waliofikia utu uzima. Wa kwanza alikuwa Edward, aliyekufa kabla ya baba yake. Wa pili Lionel, wa tatu John, wa nne Edmund, wa tano Thomas. Mwaka 1385 Edmund akapewa cheo cha Dyuki wa York, cheo cha juu kabisa chini ya mfalme. Kwa hiyo watu wa York ni wazao wa mtoto wa nne, na watu wa Lancaster ni wazao wa mtoto wa tatu. Kwa hesabu hiyo peke yake, York hawana hoja. Hoja yao ilikuja baadaye, kupitia kwa mwanamke, na nitaifikia.

Edmund aliijenga ngome upya. Alama ya ukoo wake ilikuwa ndege kozi na kufuli, lile la chuma la kufungia miguu ya farasi asitoroke. Simulizi za kale zinasema hata mnara mkuu wa ngome aliujenga kwa umbo la kufuli hilo. Ndege wa dhahabu aliye juu ya kanisa ni huyohuyo kozi, bado yuko ndani ya kufuli lake.

Mwanawe, naye Edward kwa jina, akaanzisha mwaka 1411 chuo cha mapadri kando ya kanisa. Kisifikiriwe kuwa ni shule. Kilikuwa jumuiya ya mapadri, makarani na wavulana waimbaji, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kusali na kuimba misa kwa ajili ya roho za marehemu wa ukoo, kila siku, daima. Edward akajenga upande wa mashariki wa kanisa, penye madhabahu na viti vya waimbaji. Tarehe 25 Oktoba 1415 akauawa katika vita vya Agincourt huko Ufaransa. Mwili wake ukaletwa ukazikwa mbele ya madhabahu aliyoijenga. Hakuacha mtoto. Mdogo wake alikuwa amekwisha kukatwa kichwa kwa uhaini miezi michache kabla, na kila kitu kikamwangukia mtoto wa huyo mdogo: Richard, mvulana wa miaka minne.

Mkataba wa mwashi

Richard alipokua alitaka kumalizia kanisa upande wa magharibi, wanakokaa waumini wa kawaida. Na hapa tuna bahati kubwa, kwa sababu maneno ya mkataba yamehifadhiwa. Umeandikwa tarehe 24 Septemba 1434 kati ya mawakili wa Dyuki na William Horwood, mwashi mkazi wa Fotheringhay.

Nakubali kwamba waraka huu unanigusa kuliko vita vyote. Unaeleza kazi ukuta kwa ukuta: ukumbi mpya ulingane na ule wa zamani kwa upana na kimo, madirisha yafuate mfano fulani, mnara uanze kwa mraba kisha ugeuke pembe nane. Vifaa vitatolewa na Dyuki, na vimetajwa kimoja kimoja: mawe, chokaa, mchanga, kamba, ngazi, mbao, majukwaa. Horwood atalipwa pauni 300 kwa awamu, kadiri kazi inavyopanda. Yeyote aliyewahi kujengesha nyumba atautambua mpango huo. Kuna kifungu kimoja ambacho siku hizi hakingepita. Horwood asipomaliza kwa wakati uliokubaliwa, ataupeleka mwili wake gerezani kwa hiari ya Dyuki, na mali yake yote itachukuliwa.

Kazi ya Horwood ndiyo unayoiona leo. Ukumbi wa mapadri, uliojengwa na tajiri na kuzikiwa matajiri, haupo tena. Sababu itakuja.

Haki ya mama

Sasa hoja ya York. Mwaka 1399 mtoto wa John, yule mtoto wa tatu, alimpindua binamu yake Richard wa Pili, mtoto wa yule Edward wa kwanza, na kujitwalia ufalme. Ndio mwanzo wa wafalme wa Lancaster. Lakini mtoto wa pili, Lionel, alikuwa ameacha binti. Binti akazaa, uzao ukaendelea katika ukoo wa Mortimer, mpaka kwa Anne Mortimer. Anne ndiye mama wa Richard, Dyuki wa York, huyu mwenye mkataba na mwashi. Kwa baba, Richard ni mzao wa mtoto wa nne. Kwa mama, ni mzao wa mtoto wa pili. Ukikubali kwamba haki ya kiti inaweza kupita kwa mwanamke, anamtangulia mfalme aliyekalia kiti. Usipokubali, ni mwasi.

Kiti kilikuwa na Henry wa Sita wa Lancaster, mtu mpole aliyepatwa na ugonjwa wa akili na kushindwa kutawala. Mabishano yakawa vita. Oktoba 1460 bunge likapitisha suluhu ya ajabu: Henry abaki mfalme mpaka afe, kisha arithiwe na Richard, huku mtoto wa Henry mwenyewe akiachwa. Mke wa Henry hakukubali. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo Richard akauawa karibu na Wakefield pamoja na mwanawe Edmund aliyekuwa na miaka 17. Kichwa chake kikatundikwa juu ya lango la mji wa York, kikiwa kimevishwa taji la karatasi.

Miezi michache baadaye kijana wake mkubwa alishinda na kuwa Mfalme Edward wa Nne. Ilimchukua miaka 15 kumrudisha baba yake nyumbani, lakini alipomrudisha, Fotheringhay iliona siku ambayo haijaiona tena.

Julai 1476 mifupa ya baba na mdogo wake ilifukuliwa Pontefract. Msafara ukaondoka kuelekea kusini, kituo kwa kituo, Doncaster, Newark, Grantham, Stamford, ukiongozwa na mtoto wa kiume wa mwisho, Richard wa Gloucester, aliyekuwa na miaka 23. Juu ya jeneza la baba kulikuwa na sanamu yake, na nyuma ya kichwa cha sanamu malaika ameshika taji. Hakulivaa, limeshikwa tu: ndiyo njia waliyoitumia kusema kwamba kwa haki alikuwa mfalme, ingawa hakutawala hata siku moja. Edward aliwapokea kwenye lango la makaburi akiwa na joho la buluu, rangi ya msiba ya wafalme. Siku ya pili, tarehe 30 Julai, ikasomwa misa na kufuatiwa na karamu. Walioandika habari hizo wanasema watu elfu tano walipokea sadaka na wengi zaidi ya hao wakalishwa chini ya mahema. Kila aliyefika alipewa peni moja, na mwanamke mjamzito peni mbili.

Huyo Richard wa Gloucester alikuwa amezaliwa karibu na hapo, ngomeni, tarehe 2 Oktoba 1452. Mwaka 1483 akajitwalia kiti kwa kuwatangaza watoto wa kaka yake kuwa wa haramu, na tarehe 22 Agosti 1485 akauawa katika vita vya Bosworth. Mama yao Edward na Richard, Cecily, aliwazika wanawe karibu wote. Akafa mwaka 1495, akalazwa kando ya mumewe Fotheringhay.

Kwa nini basi kijiji hakikukua kikawa mji? Wengi husema York walishindwa, kijiji kikashindwa nao. Mimi naona kilianza kufifia walipokuwa bado wanashinda. Dyuki anahitaji kiti chake mashambani, karibu na mapato yake, na anahitaji kanisa la kuzikia watu wake. Mfalme ana Westminster na Windsor. Edward wa Nne alilipamba kanisa la baba yake, akalipatia mimbari ambayo ipo mpaka leo na alama za ukoo wake, akaacha nyumba za wageni zijengwe. Lakini kaburi lake mwenyewe alilichagua Windsor. Fotheringhay haikuwa na soko kubwa wala kiwanda, na meli hazikufika mpaka pale. Ilikuwa na ukoo mmoja, na ukoo huo ulihama.

Ukumbi ulioanguka

Mwaka 1548 serikali ya Edward wa Sita ilivifuta vyuo kama hiki. Dini ilikuwa imebadilika. Waprotestanti walifundisha kwamba misa haiwezi kumsaidia marehemu, na kama ni hivyo, mapadri wanaolipwa kuimbia wafu hawana kazi. Baadaye mali ya chuo ikaenda kwa John Dudley, mtu mwenye nguvu kuliko wote wakati huo. Madini ya risasi yaliyoezekewa ukumbi wa mapadri yakavuliwa, kwa sababu risasi ni fedha, na paa likivuliwa, mvua humaliza kazi. Ukumbi wa waumini haukuguswa, kwa kuwa ulikuwa wa wanakijiji. Ndiyo maana kanisa la leo linaishia ghafla upande wa mashariki kwa ukuta mnene bapa. Ukuta huo ni kovu.

Makaburi ya York yakabaki nje, kwenye magofu. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipojua hali hiyo, akaagiza wahamishiwe ndani na kujengewa kumbukumbu mbili, kila upande wa madhabahu moja. Zina mwaka 1573. Inasimuliwa kwamba majeneza yalipofunguliwa, Cecily alikutwa na utepe wa hariri shingoni, na kwenye utepe hati ya msamaha kutoka Roma, wino wake mbichi kama umeandikwa jana.

Elizabeth hakufanya hisani kwa wageni. Richard wa York alimzaa Edward wa Nne, Edward akamzaa Elizabeth wa York, huyo akaolewa na Henry wa Saba na kumzaa Henry wa Nane, na Henry wa Nane akamzaa Malkia Elizabeth. Haki yake ya kiti, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwenye mifupa ile. Sasa ufuate ukoo huohuo kwa njia ya pili. Elizabeth wa York alikuwa pia na binti, Margaret, aliyeolewa na Mfalme wa Scotland. Margaret akamzaa James wa Tano, na James akamzaa Mary.

Vitabu vya Kiingereza huwaita Elizabeth na Mary binamu. Sisi tuna neno lililo karibu zaidi na ukweli. Elizabeth na baba yake Mary ni watoto wa kaka na dada, kwa hiyo Elizabeth ni shangazi yake Mary. Na kwa kuwa shangazi hakuwa na mtoto, Mary ndiye aliyekuwa mrithi wa karibu. Wakatoliki wengi waliona ndiye mwenye haki hata kabla shangazi hajafa, kwa sababu hawakuitambua ndoa ya mama yake Elizabeth. Hapo ndipo hatari ilipokaa. Kuwepo tu kwa Mary kulitosha kuwa tishio.

Mary aliikimbia Scotland Mei 1568 akitafuta hifadhi kwa shangazi. Akawekwa kizuizini, akahamishwa nyumba hadi nyumba kwa zaidi ya miaka 18, na hawakuonana hata mara moja. Mwaka 1586, akiwa Chartley, barua zake zilikuwa zikipitishwa ndani ya pipa la bia. Hakujua kwamba njia hiyo ilikuwa mtego wa Francis Walsingham, mkuu wa majasusi, na kila barua ilisomwa. Moja ilionekana kukubali mpango wa kumwua Elizabeth. Baraza likataka apelekwe Mnara wa London. Elizabeth akakataa, na ikachaguliwa Fotheringhay: imara, mbali na mji mkuu, mbali na bahari. Akafikishwa tarehe 25 Septemba.

Kesi ilisikilizwa ngomeni tarehe 14 na 15 Oktoba. Mary alihoji kwanza uwezo wa mahakama: yeye ni malkia wa nchi nyingine, si raia wa Elizabeth, atahukumiwaje kwa sheria ya Uingereza? Hakupewa wakili. Chumbani kiliwekwa kiti cha enzi kisicho na mtu, cha Elizabeth, na mashauri yote yakasemwa mbele ya kiti hicho kitupu.

Usiku wa kuamkia kifo chake aliandika barua kwa shemeji yake, Henri wa Tatu wa Ufaransa, ndugu wa mume wake wa kwanza. Ilikuwa saa 8 usiku. Barua hiyo ipo Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Katikati ya maneno ya imani kuna ombi moja la nyumbani kabisa: watumishi wangu walipwe mishahara yao. Asubuhi akavuliwa nguo nyeusi, na ndani yake alikuwa amevaa nyekundu iliyoiva, rangi ya mashahidi katika kanisa lake. Shoka halikumaliza kwa pigo la kwanza. Mbwa wake mdogo alikutwa amejificha ndani ya nguo zake. Vitu vilivyoshika damu vikachomwa moto au kuoshwa, wafuasi wake wasipate cha kuhifadhi. Ngome na kanisa ni jirani. Mary alikufa karibu na kaburi la babu yake ambaye naye alitenganishwa na kichwa chake kwa sababu ya kiti hichohicho, kaburi ambalo shangazi yake alikuwa amelitengeneza miaka 14 nyuma.

Tarehe ya kifo huwachanganya watu, na haina haja. Ilikuwa 8 Februari 1587 kwa kalenda ya Uingereza. Ufaransa ilikuwa imekwisha kufuata kalenda mpya ya Papa Gregory, kwa hiyo huko inaandikwa 18 Februari. Na kwenye hati za Kiingereza utakuta 1586, kwa sababu Uingereza ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Ni siku moja ile ile.

Mwili ulikaa ngomeni karibu miezi sita. Usiku wa tarehe 30 Julai ulisafirishwa kwenda kanisa kuu la Peterborough, tarehe ileile ambayo miaka 111 kabla misa ya maziko ya Richard wa York ilisomwa kijijini. Mwaka 1612 mwanawe, aliyekuwa amerithi viti vyote viwili, James wa Sita wa Scotland na wa Kwanza wa Uingereza, alimhamishia Westminster Abbey. Amelala huko, ng'ambo ya jengo kutoka kwa Elizabeth.

Nani aliibomoa ngome?

Utaambiwa James aliibomoa kwa kisasi cha mama yake. Ni hadithi tamu, na tarehe zinaikataa. James alifariki 27 Machi 1625. Siku chache baadaye, mapema Aprili, maofisa waliikagua ngome na kuandika kwamba ni imara, ya mawe, na imezungukwa na mahandaki mawili. Yaani mwenye kisasi amekufa, ngome imesimama. Iliyoimaliza ni miaka iliyofuata. Ilikuwa jengo kubwa la kizamani, la gharama, ambalo hakuna aliyelitaka isipokuwa kwa vifaa vyake. Mawe na mbao viliuzwa. Inaelezwa kwamba Robert Cotton, mkusanyaji mashuhuri wa maandiko ya kale, alichukua sehemu ya ukumbi mkubwa akaipeleka kwake Conington. Oundle, katika hoteli ya Talbot, kuna ngazi ya mbao wanayosema Mary aliishuka asubuhi ile. Mbaruti unaoota kilimani nao wana hadithi yake: ni ua la Scotland, na wenyeji wanauita machozi ya Malkia Mary.

Mto ulipata maisha mengine kidogo. Mwaka 1761 Nene ilikamilishwa kupitika kwa mashua kutoka Peterborough mpaka Northampton, na mizigo ikapita mbele ya kilima bila kusimama sana. Hata jina lake halikubaliani: Northampton wanalitamka kwa kifupi, Peterborough wanalivuta.

Kisha, mwaka 2012, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya mtu chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, uti wa mgongo umepinda, fuvu lina majeraha ya silaha. Ili kujua kama ni Richard wa Tatu, walipima vinasaba kwa njia mbili. Njia ya baba, kupitia wazao wa kiume wa Edward wa Tatu walio hai, haikulingana. Mahali fulani katika vizazi hivyo vyote, baba aliyeandikwa siye baba aliyezaa. Njia ya mama ililingana. Kuna aina ya vinasaba ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, na Richard alivipata kwa Cecily. Dada yake Anne, aliyezaliwa katika ngome ya Fotheringhay mwaka 1439, naye alivipata kwa Cecily, akampa binti yake, naye akampa wake, mpaka kwa watu wawili wanaoishi leo.

Machi 2015 Richard alizikwa upya katika kanisa kuu la Leicester. Kabla ya hapo udongo ulichukuliwa sehemu tatu: alipouawa karibu na Bosworth, Middleham alikoishi, na Fotheringhay, penye kile kilima cha ukingoni mwa mto. Ukachanganywa, ukatiwa kwenye sanduku dogo la mbao, ukabarikiwa uwanja wa vita, na kupelekwa kuzikwa naye.